CNC ya Bei Nafuu kwa Seremala wa Kyimo

Mashine ya CNC ni mashine ya kuchonga ambayo mwendo wa kisu chake huongozwa na namba zitokazo kwenye kompyuta badala ya mkono wa fundi. Chimbuko lake ni kazi ya John Parsons wa Marekani na chuo cha MIT, kilichoonesha mashine ya namna hiyo mwaka 1952, na kwa muda mrefu ilibaki mali ya viwanda vikubwa. Kilichoishusha hadi kwenye karakana ndogo ni bodi ya Arduino, iliyobuniwa Italia mwaka 2005, pamoja na programu ya bure ya GRBL, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwei, ambayo husoma maelekezo na kuyageuza kuwa mizunguko ya mota.

Mota zenyewe ni za hatua, yaani hujigeuza kidogo kidogo, kwa kawaida hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na zile ndogo hupatikana ndani ya printa kuukuu pamoja na fito za chuma zilizonyooka. Huko Nairobi, kampuni ya AB3D imeunda printa za pande tatu, zinazokaribiana sana na CNC, kwa vipuri vya taka za kielektroniki. Mota ikifungwa kwenye stadi ya M8, chuma chenye uzi mwili mzima ambacho husogeza nati milimita 1.25 kila mzunguko, hatua moja haifiki hata sehemu ya mia ya milimita, usahihi unaozidi mahitaji ya seremala yeyote. Hesabu, hata hivyo, haijui plei, yaani ulegevu. Nati ikiwa na ulegevu, hata ule mdogo unaosikika kwa vidole inapotikiswa, mota hugeuza mwelekeo huku kisu kimesimama, na duara hutoka limebonyea. Dawa yake ni rahisi: nati mbili zinazosukumwa na springi katikati, ili uzi ubanwe pande zote.

Kyimo, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, ina adui wa ziada, unyevu, kwa kuwa eneo la Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka: mbao mbichi hujipinda, chipbodi huvimba, na stadi isiyopakwa grisi hushika kutu. Fremu ya bomba la mraba lililochomelewa na kupakwa rangi ni bora, ingawa mbao iliyokaushwa vyema nayo hufaa.

Mashine ya namna hii itachonga vibao vya majina na nakshi nyepesi. Haitapasua mbao ya kitanda. Mwenye fedha kidogo aanze na fremu iliyonyooka na fito imara, na bodi aiache iwe ya mwisho kununuliwa.