Maharagi ya chuma: ngozi inalinda, lakini inabana pia

Kila tunapofika shambani, wanakoperative wanatuuliza swali moja: "Hii maharagi munaita ya chuma, iko na nini zaidi kuliko ile ya zamani?" Ni swali la haki. Kwa macho huoni tofauti. Tofauti iko ndani ya mbegu, na mara nyingi tunaipoteza jikoni, kabla haijafika ku damu ya mama na ya mtoto.

Tuanze na mbegu. Kilo 1 ya maharagi ya kawaida, yakiwa makavu, iko na miligramu 50 hivi za chuma. Watafiti walijiwekea lengo la kupandisha hadi 94. Hapa kwetu kazi hiyo ilifanywa na INERA, ku kituo cha Mulungu karibu na Bukavu, pamoja na CIAT na HarvestPlus. HM 21-7 na RWR 2245 ni ya mashina mafupi. CODMLV 059 inapanda ku miti. Hakuna kitu kilichotiwa ndani: mbegu zilichaguliwa na kuzalishwa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo unaweza kujiwekea mbegu yako misimu kadhaa, kama vile wazazi walifanya.

Je, inasaidia kweli? Kule Huye, Rwanda, wanafunzi wa kike 195 waliokuwa na upungufu wa chuma walikula maharagi kila siku kwa siku 128. Wale waliopewa ya chuma damu yao iliongezeka kuliko wale waliopewa ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Sasa tuangalie ngozi. Ile rangi nyekundu, nyeusi ao ya madoadoa si ya urembo tu. Ndani yake mna tanini na antosianini, ambazo ni antioksidanti. Jembe likilala inje ku umande, linashika kutu. Mwili nao unachakaa kidogo kidogo kwa namna inayofanana na hiyo, na antioksidanti zinapunguza uharibifu huo. Maharagi meupe yako nazo kidogo sana.

Lakini hapa kuna fundo: tanini ile ile inakamata chuma tumboni na kukizuia kuingia ku damu. Asidi ya fitiki, iliyo ndani ya punje, inafanya vilevile. Ndiyo maana mtu anaweza kula maharagi kila siku na bado akakosa damu. Hiyo si sababu ya kuacha maharagi mekundu, wala ya kuyamenya. Dawa yake ni ndogo na haina bei kubwa:

Loweka usiku kucha, masaa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo na upike na maji mapya. Fitiki inapungua, na makala inapungua pia. Kwa bei ya makala hapa Goma, hiyo peke yake ni faida. Chemsha kwa moto mkali mwanzoni, juu maharagi mekundu yasiyoiva vizuri yanaumiza tumbo.

Kamulia ndimu ku sahani, baada ya kutoa ku moto. Vitamini C inasaidia chuma kuingia ku damu, lakini moto mrefu unaiharibu. Kama hakuna ndimu, kula mapera ao machungwa pamoja na chakula.

Chai na kahawa zingoje saa nzima kisha kula. Nazo ziko na vitu vya kubana chuma kama tanini ya ngozi.

Changanya na mahindi. Protini ya maharagi inapungukiwa na kitu ambacho mahindi yako nacho, na mahindi yanapungukiwa na kile maharagi yako nacho. Lengalenga pembeni inakamilisha sahani.

Ghala nayo ina neno lake. Maharagi yakikaa pa joto na unyevu, ngozi inakuwa nyeusi na punje inakuwa ngumu: unachemsha siku nzima na haiivi. Anika vizuri, kisha jaribu na chumvi. Tia punje na chumvi kavu ku chupa kavu, funika, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikishika ku ukuta wa chupa, unyevu bado uko. Rudisha ku jua. Yakishakauka, weka ndani ya mfuko ao bidoni isiyopitisha hewa, na bidudu haitapona mule.

Linabaki jambo moja, na ni zito kuliko yote. Wakati wa mavuno, magunia mazuri yanapanda gari kwenda soko, na nyumbani wanabaki na punje zilizovunjika. Miezi mbili kisha, familia hiyo hiyo inanunua maharagi kwa bei kubwa, yamechanganywa, na chuma haijulikani iko kiasi gani. Tunaelewa: karo ya shule haingoje. Lakini mama mwenye mimba naye hawezi kungoja.

Tunaomba kila koperative, mbele ya mavuno yajayo, ikubaliane mambo mawili ku mkutano: magunia ya chuma yasichanganywe na mengine kwenye ghala, na kila nyumba iandike kilo ngapi haitauza. Hesabu hiyo ifanyike na wamama wakiwa wamekaa ndani, juu ndio wanajua chungu kinaomba kiasi gani.