Mazoezi Ndiyo Filamu: Somo la Chumba cha 36

Hadithi ya The 36th Chamber of Shaolin, iliyotolewa na kampuni ya Shaw Brothers ya Hong Kong mwaka 1978, ni fupi. Kijana ambaye jamaa zake wameuawa na watawala wa Kimanchu wa China anakimbilia hekalu la Shaolin, anajifunza kupigana, kisha anarudi kuwakabili. Mwongozaji Lau Kar-leung aliyapa mafunzo hayo sehemu kubwa ya katikati ya filamu, na humo ndimo thamani yake ilimo.

Kijana huyo, San Te, hafiki mezani kula mpaka avuke dimbwi kwa kukanyaga magogo yanayoelea. Anatumbukia tena na tena. Mvuvi wa Isangi, anayesimama wima mtumbwini pale mto Lomami unapoingia mto Congo, analielewa somo hilo upesi: miguu isiyotulia juu ya maji huipotezea mikono nguvu zote. Baadaye San Te anabeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooshwa, visu vimefungwa mikononi vikielekea mbavu; akilegea, vinamchoma. Ndiyo maana mapigano yanapoanza, mtazamaji anajua kila pigo lilikozaliwa.

Lau alikuwa mpiganaji kabla ya kushika kamera. Baba yake, Lau Cham, alimrithisha mtindo wa Hung Gar alioupokea kwa Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung. Lau alipanga mapigano katika filamu nyingi za mwongozaji Chang Cheh, na mwaka 1975 akaongoza yake ya kwanza, The Spiritual Boxer. Alipenda kuuonyesha mwili mzima, na picha aliiacha iende bila kuikatakata. Mbele ya kamera ya namna hiyo, mwigizaji asiyefanya mazoezi hana pa kujificha. Hadi kifo chake mwaka 2013, sanaa ya mapigano ndiyo iliyobeba kazi yake.

Afrika Mashariki somo hilo la mazoezi lina ushahidi wake. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana aliyekuwa mfyatua matofali alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005. Kompyuta zake aliziunda kwa vipuri, na bunduki za filamu zilitengenezwa palepale mtaani. Lakini vijana na watoto wa mtaa walifundishwa kung fu kwelikweli. Filamu yao Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ikasambaa duniani kwa intaneti, na mwaka 2019 Crazy World ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto.

Katika filamu ya Lau, hekalu la San Te lina vyumba 35 vya mafunzo. Alipofuzu vyote, aliomba cha 36, cha kuwafundisha watu wa kawaida nje ya kuta. Kijana wa Isangi au Kisangani anayetamani kutengeneza filamu za mapigano aanzie hapo: akusanye wenzake, wafanye mazoezi kila siku, na kamera, hata ya simu, ije baada ya miili kuwa tayari.