Somo juu ya Siku za Kufunga za Wayahudi

Bwana wetu Yezu Kristu alikua katika taifa lenye kushika mfungo. Basi tuulize: Wayahudi hufunga kwa sababu gani? Sababu kubwa ni mbili: kutubu na kukumbuka.

Kwanza, kutubu. Siku ya 10 ya mwezi wa saba ni Siku ya Upatanisho, yaani Yom Kippur. Ndiyo siku pekee ya kufunga iliyoamriwa kila mwaka katika Sheria ya Musa. Zamani Kuhani Mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku hiyo tu, akiombea dhambi zake na za taifa. Hekalu lilipobomolewa, sadaka zilikoma; mfungo na sala vikabaki. Hata leo, tangu jua kutua hadi usiku wa siku ya pili, hawali, hawanywi, hawaogi, wala hawavai viatu vya ngozi. Lakini mgonjwa aliye hatarini hupewa chakula, kwa maana uhai hutangulia.

Pili, kukumbuka. Siku nne nyingine zakumbusha maangamizi ya Yeruzalemu: mji kuzingirwa na Wababeli, ukuta kubomolewa, Hekalu kuchomwa mwaka 586 kabla ya Kristu, na liwali Gedalia kuuawa. Iliyo kuu kati ya hizo ni siku ya 9 ya mwezi wa tano. Siku hiyo huomboleza pia Hekalu la pili, lililoteketezwa na Warumi mwaka 70. Huketi chini na kusoma kitabu cha Maombolezo. Sisi nasi twajua maana ya kuketi chini penye msiba.

Je, njaa peke yake yampendeza Mungu? Hapana. Nabii Isaya aliwakemea waliofunga huku wakiwaonea watumishi wao. Na maneno yake husomwa katika sinagogi asubuhi ya Siku ya Upatanisho yenyewe. Walimu wa Wayahudi wafundisha kwamba siku hiyo haiondoi kosa ulilomtendea mwenzako, mpaka umwendee na kumridhisha. Naye Bwana Yezu aliagiza kuacha sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu.

Wapenzi, Kwaresima ikija tutafunga. Lakini yuko jirani tusiyesalimiana naye? Kama yuko, tumwendee kabla ya Jumatano ya Majivu; la sivyo, tutakuwa tumekinyima kinywa chakula tu, na moyo haukufunga.