Salmoni wetu Chepsaita ana masharubu

Ukishuka Chepsaita na ndoano mkononi useme unatafuta salmoni, watakucheka mpaka ng'ombe wageuke kukuangalia. Kijiji hiki cha Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, unakijua kwa mbio za nyika. Huku watu huangalia miguu yako, si mshipi wako. Salmoni ni wa maji baridi ya kaskazini, Norway huko na Canada, na yule unayemwona kwenye friji ya supamaketi mjini Eldoret amesafiri kuliko wewe na mimi tukijumlishwa.

Jamaa yake wa ukoo tuko naye Kenya, anaitwa trauti. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan aliwaleta kutoka Scotland, wakatiwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Lakini huyo ni mgeni aliyepewa makao. Ukitaka samaki wa kwetu mwenye tabia za salmoni, uliza ningu.

Salmoni huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua, kisha hurudi akipanda mto ili atage mayai. Ningu naye hufanya vivyo hivyo, ila bahari yake ni Ziwa Victoria. Mvua zikianza na mito ikifura, hupanda Nzoia, Yala na Sondu-Miriu. Zamani alikuwa riziki kubwa ya watu wa mito hiyo. Halafu watu wakatega nyavu kwenye midomo ya mito, wakati ule ule majike wamejaa mayai. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, na leo amewekwa kwenye orodha ya spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. (Niliacha chuo kabla sijamaliza, lakini hii si hesabu ngumu. Ukila mama na mayai yake, mwaka ujao utakula nini?)

Sasa utauliza, hiyo inahusu nini kijito cha Chepsaita? Inahusu sana. Maji yake mwishowe huingia Nzoia. Sikuambii ningu hufika huku juu. Anayeshika ndoano hapa ni kambare, yule mweusi asiye na magamba, mwenye masharubu marefu kama ya paka. Na kambare ana tabia inayofanana na ya ningu. Mvua kubwa ikinyesha, usiku hutoka kwenye mkondo akaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, akataga humo. Maji hayakufiki hata magotini. Msee mwenye tochi na panga haitaji kujua kuvua, anaokota tu.

Nilikaa pale jioni moja ya Mei na vijana wanne, mkubwa wao kondakta wa matatu aliyekuwa ofu siku hiyo, mdogo wao bado anavaa sweta ya shule. Vifaa? Ufito wa mwanzi, mshipi wa nailoni, kipande cha ndala kinachoelea juu, na nati ya pikipiki ya kuzamisha ndoano. Minyoo walichimbwa kando ya zizi, kwenye samadi. Hapo kuanzia saa kumi na moja mpaka giza liingie unakaa kimya, baridi inakuingia, mbu wanakula, na ukicheka kwa sauti unapigwa jicho. Kile kipande cha ndala kikitikisika kidogo, ngoja. Kikizama kabisa, vuta. Mazee, hakuna video ya simu iliyowahi kunishika hivyo.

Tulipata kambare watatu. Hufi haraka huyu, anajua kupumua hewa, kwa hivyo walikuwa wakigonga ndoo mpaka tunaondoka. Yule wa sweta hakufurahi.

"Leo masaa mbili tumepata tatu. Juzi usiku kwa nyasi tulijaza ndoo."

Nikamweleza habari za ningu, kama nilivyokueleza wewe. Akasikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Sasa brathe, mama atapika hiyo hadithi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu la kumtosheleza mtoto anayepeleka mboga nyumbani. Ninachojua ni kwamba si yeye wa kwanza kulaumiwa. Juu kidogo ya pale tulipokaa kuna mahali watu wazima huosha pampu za dawa ya magugu, maji meupe yanateremka moja kwa moja. Kuna wanaotandaza neti za mbu kutoka ukingo huu hadi ule, zinakamata hata samaki wa saizi ya kidole. Hao hawavai sweta za shule. Wala hawakosi mboga.

Ndoano haimalizi kijito. Inachukua mmoja mmoja, na wengi wanakula chambo wakaenda. Ukienda na vijana wa huku, wafuate kwa ndoano, na ile safari ya usiku kwenye nyasi ikae mpaka msimu wa kutaga upite. Jike mwenye tumbo limevimba mrudishe. Najua inauma, hasa akiwa ndiye mkubwa wa siku.

Omba ruhusa kwa mwenye shamba kwanza. Vaa gambuti. Mvua ikionekana inanyesha kule juu, toka majini hata kama kwako ni kukavu, kwa sababu kijito hufura bila kukuarifu. Kambare mshike nyuma ya kichwa, miiba ya mapezi yake ya kando inachoma vibaya. Nyumbani mpake chumvi na ndimu akae kidogo, harufu ya tope itoke, kisha mkaange mpaka akauke. Wazee wengi wa huku walikulia mursik na ugali, na wengine watakataa hata kuonja. Usiwabembeleze, sahani itabaki kwenu.