Kisangani: kuishi parseli moja kunaweza kupunguza joto na gharama ya umeme

Katika komini za Mangobo, Kabondo na Tshopo, mjini Kisangani, ni kawaida kukuta jamaa nne, tano au sita ndani ya parseli moja. Wengi huona maisha hayo kuwa shida ya kukosa nafasi. Lakini ndiyo yanayoweza kumwezesha mpangaji wa kawaida kupata nyumba yenye ubaridi na umeme wa jua.

Umeme wa SNEL unatoka kwenye kituo cha maporomoko ya Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville. Mashine moja ikiharibika, mitaa mingi hubaki gizani, na feni husimama wakati joto limezidi.

Joto lenyewe linatoka juu. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na manjanja yasiyo na plafo hushusha joto la mchana moja kwa moja kwa wakaaji. Dawa inaanza kwenye ujenzi: kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Plafo, hata ya mianzi, iwekewe matundu juu yake ili hewa ya moto itoke. Baraza pana likinge ukuta na jua pamoja na mvua.

Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi, kutoka misitu ileile inayoupatia mji makala. Tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono halihitaji moto. Linakaushwa polepole kivulini, karibu wiki nne, na linataka msingi ulioinuliwa.

Mvua nayo ni mali. Kisangani hupata zaidi ya milimita 1600 kwa mwaka, na kila milimita kwenye mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 50 hupokea basi lita elfu 80.

Kwa mwanga, hesabu ni rahisi. Jamaa sita, kila moja ikiwa na taa tatu za zamani za wati 60, zinahitaji wati 1080. Taa za LED za wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana kwa wati 162 tu. Mzigo huo, paneli chache za kuchangiwa zinaweza kuubeba.

Linabaki swali la nani atalipa. Mwenye parseli mara nyingi halali chini ya manjanja hayo. Mpangaji naye anaogopa kuweka plafo leo, kesho apandishiwe kodi au afukuzwe. Ndiyo maana makubaliano yanapaswa kuandikwa kabla ya kazi kuanza: gharama gani itakatwa kwenye kodi, paneli ni za nani, nani anashika pesa za mchango. Betri huchoka baada ya miaka michache. Parseli isiyoweka akiba itarudi gizani.