Maua ya aniversere ya ndoa: ile maana inatoka wapi?



Siku hizi mu familia zetu, kufanya sikukuu ya miaka ya ndoa kumekuwa jambo la kawaida. Wazazi wakifikisha miaka 25, watoto wanachanga makuta, misa ya shukrani inaombwa, vitenge vya sare vinashonwa: ni jubile ya feza. Wakifikisha 50, ni ya zahabu. Sasa vijana tumeongeza kitu kingine, maua. Unafungua telefone, unatafuta ua la miaka 10, unapata orodha, unakimbia kununua. Lakini nani aliamua kama ua fulani ni la mwaka fulani?

Tuanze na orodha yenyewe. Ile inayozunguka sana inatoka kwa Wamarekani na Waingereza. Mwaka wa 1 ni karnesheni, ile Wafaransa wanaita œillet. Miaka 5 ni margerita, 10 narsisi, 15 roza, 20 asteri, 25 irisi, 30 yungiyungi, 40 gladioli. Miaka 50 ni roza za manjano pamoja na violeti.

Nyuma ya hiyo orodha kuna vitu viwili. Cha kwanza ni vitabu. Mwaka 1819, kule Paris, mwandishi aliyetumia jina la Charlotte de Latour alitoa kitabu juu ya lugha ya maua. Kila ua lilipewa neno lake: hili ni upendo, lile ni haya, lile lingine ni wivu. Vitabu vya namna hiyo vilipendwa sana Uingereza wakati wa malkia Victoria, juu wakati ule kijana hakuweza kumwambia msichana kila kitu waziwazi mbele ya wazazi. Ua lilisema kwa niaba yake.

Cha pili ni biashara. Mwaka 1922, Mmarekani Emily Post aliandika kitabu cha adabu, na mule alitaja sikukuu nane tu za ndoa zenye zawadi yake. Mwaka 1937, chama cha wauza vito cha Marekani kikatoa orodha ndefu zaidi, ikajaza miaka mingi iliyokuwa haina kitu. Wauza maua nao wanatembeza orodha yao. Njo maana usiichukue kama sheria. Ni desturi iliyochanganyika na soko.

Sisi wa Kongo tuko na shida moja zaidi: tumesoma kwa Kifaransa, na Wafaransa wako na orodha yao. Kwao miaka 8 ni kokeliko, 13 ni mugeti, 17 ni roza, 46 ni lavanda. Roza ya Mmarekani ni miaka 15, ya Mfaransa ni 17. Hiyo si kitu. Hatari iko ku miaka 13. Orodha ya Marekani inasema krizantema. Lakini Ufaransa na Ubelgiji, krizantema ni ua la makaburi, watu wanalipeleka kwa marehemu wao siku ya watakatifu wote, tarehe 1 Novemba. Mama mkwe aliyelelewa mu desturi za Kibelgiji, ukimletea krizantema siku ya furaha yake, atajiuliza unamtakia nini.

Roza za manjano ni vilevile. Vitabu vingi vya zamani vinasema ni wivu, ao upendo unaopungua. Orodha inasema ni miaka 50, kwa sababu ya rangi ya zahabu. Ua ni moja, maana mbili zinazopingana. Kwa hiyo maana haikai ndani ya ua. Inakaa katika mapatano ya watu.

Hata hivyo, mtu wa agronomia ataona kitu kingine. Kuna maana zenye nguvu juu zinafuata maisha ya mumea wenyewe. Margerita ndogo ya Ulaya, Bellis perennis, inajifunga jioni na kufunguka tena asubuhi. Jina lake la Kiingereza lilitokana na maneno "jicho la mchana". Kwa ndoa ya miaka 5, kufunguka tena kila asubuhi ni fundisho tosha. Narsisi inakaa chini ya udongo kama kitunguu baridi yote, kisha inatoka baridi ikianza kupungua. Karnesheni ikikatwa inaweza kukaa mu maji wiki mbili ao zaidi.

Na gladioli? Jina lake linatoka ku neno la Kilatini la upanga, juu ya majani yake. Maua yake yanafunguka moja moja kutoka chini kupanda juu: ya chini yakianza kunyauka, ya juu bado yanangoja zamu yao. Wazazi wa miaka 40 wenye watoto na wajukuu wataelewa bila kufasiriwa.

Tena hilo ua si geni kwetu. Aina nyingi za gladioli ni za Afrika. Moja, Gladiolus dalenii, inamea yenyewe mu pori, hata kwetu Katanga. Ni mmoja wa wazazi wa gladioli za bustani zilizotengenezwa Ubelgiji, ambazo Louis Van Houtte wa Ghent alianza kuuza mwaka 1841. Arumu nyeupe ya miaka 6, frizia ya 7 na ua la ndege wa peponi la miaka 9 yote asili yake ni Afrika ya Kusini. Orodha tunayoita ya wazungu imejaa mimea ya bara letu.

Sasa, ukitaka kutoa ua, fanya hivi. Uliza kwanza wakubwa wa familia ua gani kwao ni la kilio. Chagua linalomea karibu na wewe, kuliko ya plastiki. Ukiwa na kipande cha shamba, panda gladioli kama miezi mitatu mbele ya sikukuu, juu inaomba siku 70 hadi 100 mpaka kutoa maua. Kata asubuhi, wakati ua la chini kabisa linaanza tu kuonyesha rangi. Tumia kisu kikali, kata kwa upande, toa majani yatakayoingia ndani ya maji, na badilisha maji kila siku mbili. Usiweke chombo karibu na ndizi zilizoiva: zinatoa gazi ya etileni, inayozeesha maua mbio, karnesheni zaidi.

Mwisho, wakati wa kutoa, sema kwa nini umechagua lile ua. Mama yako hajasoma Charlotte de Latour. Ukimwambia, "Mama, hili linafunguka kutoka chini kwenda juu, sawa vile mulituinua", atalikumbuka hata likishanyauka.