Maisha ya kasa Watamu yamo mikononi mwa wavuvi

MVUVI wa Watamu, katika pwani ya Kenya, anapovuta wavu na kumkuta kasa amenasa, huwa na njia mbili: kumchinja kwa siri ili auze nyama na mafuta yake, au kupiga simu.

Simu hiyo hupokewa na shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza kazi mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch. Watumishi wake humfuata kasa alipo, humpima na kumfunga kibati chenye namba kwenye pezi. Akiwa mzima, hurudishwa baharini.

Mvuvi hupewa kiasi kidogo cha fedha. Hiyo si bei ya kasa, kwani sheria inakataza kumuuza, bali ni fidia ya muda wake na wavu uliochanika. Kiasi hicho kikizidi, huenda baadhi ya watu wakashawishika kuwatega kasa kwa makusudi.

Kasa mgonjwa hupelekwa katika kituo cha matibabu cha shirika hilo. Baadhi huwa wamejeruhiwa na nyavu au ndoana; wengine wamemeza plastiki. Plastiki huziba utumbo, gesi hujaa tumboni, na mnyama huelea juu ya maji asiweze kuzama kutafuta chakula. Hupewa dawa za kulainisha choo na kulishwa kwa majuma, pengine miezi, hadi aweze kuzama tena.

Jitihada zote hizo kwa kasa mmoja zina sababu. Kasa huhitaji miaka 20 au zaidi kabla ya kuanza kutaga, na inakadiriwa kuwa pengine mmoja tu kati ya watoto 1,000 hufikia umri huo. Jike mkubwa akifa wavuni, hupotea pamoja na mayai ya miaka mingi ijayo.

Ulinzi wa aina hii umeonekana kuzaa matunda. Oktoba 2025, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN) ulimwondoa kasa wa kijani katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Ng'amba, anayewindwa tangu kale kwa ajili ya gamba lake, bado yumo katika hatari kubwa.

Hata hivyo, kwa mvuvi aliyekosa samaki siku hiyo, uamuzi wa kupiga simu si mwepesi, na huko baharini mara nyingi hakuna anayemwona.